Rudolf Diesel: Alijua kubana mafuta, madeni yakambana yeye

MKULIMA anayefika kituo cha mafuta na dumu lake kwa ajili ya pampu ya kumwagilia, mwenye mashine ya kusaga na dereva wa Hiace, wote hutaja jina la mtu mmoja bila kujua. Hulitaja pia mfanyakazi au mfanyabiashara mdogo anayetafuta gari dogo la dizeli lililotumika, la bei nafuu, ili aachane na adha ya kupanda mabasi mawili kwenda kazini na mawili kurudi.

Dizeli ni jina la ukoo. Mwenye nalo, Rudolf Diesel, alikuwa mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Paris, Ufaransa, Machi 18, 1858 na kufariki mwaka 1913 akiwa na umri wa miaka 55. Ndiye aliyebuni injini iliyokula mafuta kidogo kuliko zote za wakati wake. Hata hivyo, alipofariki aliacha madeni makubwa kuliko mali.

Baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu kutoka mji wa Augsburg, kusini mwa Ujerumani, aliyehamia Paris na kufungua karakana ya bidhaa za ngozi. Mama yake, Elise, alitoka Nuremberg. Haikuwa familia yenye uwezo. Rudolf akiwa bado mtoto alisukuma mkokoteni mitaani kupeleka bidhaa za baba yake kwa wateja. Alipopata nafasi alikwenda katika jumba la makumbusho ya ufundi la Paris kutazama mashine, likiwemo gari la mvuke la Cugnot lililotengenezwa karne ya 18.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia. Wajerumani waliokuwa Paris walilazimika kuondoka, na familia ya Diesel ikakimbilia London. Maisha huko yalikuwa magumu. Wazazi wakaamua kumpeleka Rudolf, aliyekuwa na miaka 12, kwa ndugu wa familia mjini Augsburg, Christoph Barnickel, ambaye alikuwa mwalimu wa hisabati, na mkewe Barbara.

Akiwa na miaka 14 aliwaandikia wazazi wake kuwaarifu kwamba atakuwa mhandisi. Mwaka 1873 alimaliza shule akiwa wa kwanza katika darasa lake. Mwaka 1875 alipewa ufadhili wa kusoma chuo cha ufundi cha Munich. Wazazi wake walitaka aanze kazi ili awasaidie, lakini kijana alishika njia ya masomo.

Huko Munich mwalimu wake alikuwa Profesa Carl von Linde, mtu wa kukumbukwa na kila anayeuza samaki wa barafu au maziwa ya baridi, kwani ni miongoni mwa waasisi wa mashine za kisasa za kugandisha. Katika somo moja la mwaka 1878, Linde aliwaeleza wanafunzi wake kwamba injini ya mvuke hugeuza kuwa kazi sehemu 6 hadi 10 tu kati ya kila 100 za joto la makaa. Zilizobaki hupotea hewani. Diesel aliandika jambo hilo pembeni mwa daftari lake na hakulisahau tena.

Mwaka 1879 aliugua homa ya matumbo na kukosa mtihani wa mwisho. Akaenda kufanya kazi katika karakana za Sulzer huko Winterthur, Uswisi, kisha akarudi na kufanya mtihani mwaka 1880. Alifaulu kwa alama za juu kabisa. Linde akamchukua na kumpeleka Paris kusimamia kiwanda cha barafu. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche, wakajaliwa watoto watatu.

Kazi ya barafu ilimpa mshahara mzuri, lakini usiku alikuwa na kazi yake nyingine. Kwa miaka kadhaa alijaribu kutengeneza injini ya kutumia mvuke wa amonia badala ya mvuke wa maji. Haikufaulu. Mwaka 1890 alihamia Berlin, bado akiwa kwa Linde, na huko akaiacha amonia na kugeukia hewa ya kawaida.

Wazo lake si gumu kulielewa. Anayejaza upepo baiskeli kwa pampu ya mkono huhisi bomba la pampu likipata moto, kwa sababu hewa ikibanwa hupata joto. Diesel alipiga hesabu kwamba hewa ikibanwa sana ndani ya silinda itapata joto kali kiasi kwamba mafuta yakipulizwa ndani yake yatawaka yenyewe. Hakuna plagi ya cheche wala moto wa kuwashia. Kadiri hewa inavyobanwa zaidi, ndivyo mafuta machache yanavyotoa kazi kubwa zaidi.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza inayofanya gari la dizeli lisafiri mbali zaidi kwa lita moja kuliko la petroli. Ndiyo pia sababu ya injini ya dizeli kuwa nzito na ghali, kwani kila kipande chake lazima kistahimili msukumo mkubwa. Na ndiyo sababu injini ya dizeli iliyochoka humtesa mwenyewe alfajiri. Ringi za pistoni zikilika hewa huvuja, joto linalotakiwa halifikiwi, mafuta hayawaki.

Februari 28, 1892 Diesel aliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, na alikubaliwa mwaka uliofuata. Mwaka huo huo wa 1893 alichapisha kitabu kueleza nadharia yake. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui kuhusu nia yake. Injini za mvuke za wakati ule zilikuwa kubwa mno, na ni matajiri tu walioweza kuzinunua. Seremala, mfumaji na mhunzi wenye karakana ndogo walikuwa wakimezwa na viwanda. Diesel alitaka injini ambayo fundi mdogo angeimudu, isiyohitaji tanuru, bomba la moshi wala lundo la makaa.

Alichopata ni kinyume chake, angalau kwa miaka mingi ya mwanzo.

Kiwanda cha mashine cha Augsburg, ambacho baadaye kiliungana na kingine na kuitwa MAN, jina wanalolifahamu wenye malori, kilikubali kumpa karakana na mafundi. Kampuni ya chuma ya Krupp ya Essen ikachangia fedha. Mkurugenzi wa Augsburg, Heinrich von Buz, alikuwa mtu makini wa mambo ya fedha, lakini kwa mradi huu alikuwa na subira ambayo wafadhili wachache huwa nayo.

Injini ya kwanza ya majaribio ilikuwa tayari katikati ya mwaka 1893. Haikuweza kujizungusha, hivyo ilifungwa mkanda kutoka mashine nyingine za kiwanda. Agosti 10 mwaka huo, mafuta yaliingizwa kwenye silinda kwa mara ya kwanza. Mlipuko uliotokea ulikipasua kipimo kilichokuwa kimefungwa juu ya silinda na vipande vyake vikaruka ndani ya karakana. Mtu mwingine angekata tamaa. Diesel alifurahi, kwani mafuta yalikuwa yamewaka bila cheche.

Februari 17, 1894 injini iliyorekebishwa ilizunguka kwa nguvu yake yenyewe kwa muda wa kama dakika moja. Baada ya hapo ikaja miaka mitatu ya kubadilisha vali, kubadilisha mafuta, kubadilisha namna ya kuyapuliza. Tatizo kubwa lilikuwa hilo la kuyapuliza. Ili mafuta yaingie ndani ya hewa iliyobanwa vile, lazima yasukumwe kwa nguvu kubwa zaidi, na yagawanyike kuwa umande mwembamba. Pampu za wakati ule hazikuweza kazi hiyo. Diesel akalazimika kutumia hewa ya kompresa kuyasukuma, na kompresa hiyo ikaongeza uzito, ukubwa na gharama.

Februari 17, 1897, miaka mitatu kamili tangu injini ijizungushe, Profesa Moritz Schröter wa Munich alikuja Augsburg kuipima rasmi. Ilikuwa na urefu wa kama mita tatu kwenda juu na uzito wa tani nne na nusu. Ilitoa nguvu za farasi zipatazo 18. Kipimo kilichoshangaza kilikuwa cha mafuta. Kati ya kila sehemu 100 za joto lililokuwa ndani ya mafuta, zaidi ya 26 ziligeuka kuwa kazi. Hakuna injini nyingine iliyokaribia hapo.

Habari zikaenea haraka. Adolphus Busch, tajiri wa kiwanda cha bia cha St. Louis, alinunua haki za Marekani kwa marki milioni moja. Emanuel Nobel alichukua leseni ya Urusi. Kampuni ya Glasgow ilikuwa imeshachukua ya Uingereza. Mwaka 1898 kampuni iliundwa Augsburg kumiliki haki za Diesel, ambazo zilithaminiwa marki milioni 3.5. Mtoto wa fundi wa ngozi akawa milionea akiwa na umri wa miaka 40.

Hapa ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, na wafanyabiashara wangefanya vizuri kupatazama kwa makini. Diesel aliuza injini ambayo ilikuwa imefaulu karakanani, mbele ya wahandisi wake mwenyewe, kabla haijafanya kazi mwaka mzima mikononi mwa mteja wa kawaida. Mmoja wa wateja wa mwanzo, kiwanda cha viberiti cha Kempten, alipata injini ya nguvu za farasi 60 mwaka 1898, nayo haikukosa matatizo. Vali ziliganda, kompresa zilisumbua, vipulizia mafuta viliziba. Wateja wengine walirudisha mashine na kudai fedha zao. Kiwanda kipya kilichoanzishwa Augsburg kwa jina la Diesel kutengeneza injini hizo kilianguka.

Waliodai kuwa wazo hilo ni lao nao walijitokeza. Herbert Akroyd Stuart wa Uingereza alikuwa amepata hataza ya injini ya mafuta mazito tangu mwaka 1890, na injini zake ziliuzwa tangu mwaka 1892. Tofauti ni kwamba yake ilihitaji kichwa cha silinda kipashwe moto kwanza, na haikubana hewa kama ya Diesel. Lakini mabishano, kesi na barua za mawakili vilimchosha. Mwaka 1898 afya yake ilivunjika, akalazimika kukaa katika nyumba ya mapumziko ya wagonjwa.

Fedha nazo zilikuwa na mwendo wake. Alijenga jumba la kifahari mtaa wa Maria-Theresia mjini Munich. Alinunua viwanja kwa kutegemea bei itapanda, na akatia mtaji katika visima vya mafuta vya Galicia, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya Poland na Ukraine. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikurudi. Mwaka 1903 alichapisha kitabu kuhusu namna wafanyakazi wangeweza kuchangishana na kumiliki viwanda vyao wenyewe, jambo ambalo wanaushirika wa leo wangelielewa mara moja. Nakala 10,000 zilichapwa, zilizouzwa ni mia chache.

Ni ajabu kwamba mtu aliyeweza kueleza gramu ngapi za mafuta zinahitajika kwa saa moja ya kazi hakupiga hesabu ya aina hiyo kwa nyumba, viwanja na visima alivyonunua. Anasa ilichangia, lakini haikuwa peke yake. Aliamini kwamba mapato ya leseni yataendelea kuja kama yalivyoanza. Kufikia mwaka 1908 hataza zake kuu za Ujerumani zilikuwa zimekwisha muda, na mtu yeyote angeweza kutengeneza injini hiyo bila kumlipa.

Wakati huo huo injini yenyewe ilikuwa inapata afya. Mwaka 1903 ilitiwa kwenye meli ya mafuta ya Urusi iliyoitwa Vandal. Mwaka 1912 meli ya Denmark, Selandia, ilisafiri kutoka Copenhagen hadi Bangkok ikiendeshwa na injini za dizeli. Fundi mdogo ambaye Diesel alimkusudia, hata hivyo, bado alikuwa akisubiri. Mwaka 1908 Diesel alijaribu injini ndogo ya lori, lakini kutokana na ile kompresa haikufika sokoni.

Kwa wakulima kuna jambo la kuvutia zaidi. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyokuwa imeomba jaribio hilo, ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zililimwa kwa wingi na makaa ya mawe yalikuwa ghali. Injini ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba wengi hawakugundua tofauti. Mwaka 1912 Diesel alieleza kuwa mafuta ya mimea yanaweza siku moja kuwa na umuhimu kama wa mafuta ya ardhini.

Wazo hilo lilifufuka katika miaka ya 2000, wakulima wengi wa Afrika Mashariki walipohimizwa kupanda mbono kwa ajili ya dizeli ya mimea. Wengi waliishia kukosa mavuno ya maana na soko. Injini ya mwaka 1900 ilikuwa na matundu makubwa na mwendo wa polepole, iliweza kumeza karibu kila kitu. Anayemimina mafuta ya kupikia katika gari la kisasa anajitafutia gharama, kwa sababu mafuta hayo mazito huacha gundi kwenye nozeli zenye matundu membamba mno.

Septemba 29, 1913 jioni, Diesel alipanda meli iitwayo Dresden katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji. Alikuwa anakwenda Uingereza kwa shughuli za kampuni ya huko iliyotengeneza injini zake. Alikula chakula cha usiku na wenzake wawili. Yapata saa nne aliwaaga na kwenda chumbani kwake, akiwa ameagiza aamshwe saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Asubuhi chumba kilikuwa kitupu. Kitanda hakikulaliwa, nguo za kulalia zilikuwa zimetandazwa, na saa yake ilikuwa imewekwa mahali inapoonekana. Kofia na koti lake vilikutwa nyuma ya meli, karibu na uzio. Baada ya siku kama kumi, mabaharia wa Kiholanzi waliona mwili baharini. Walichukua vitu vilivyokuwa mifukoni, kikiwemo kisu kidogo na kibweta cha miwani, na kuuachia mwili majini. Oktoba 13 mwanawe, Eugen, alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake.

Inaelezwa kwamba kabla ya safari Diesel alimwachia mkewe mkoba na kumtaka asiufungue hadi wiki inayofuata. Ndani mlikuwa na marki 20,000 taslimu na hati zilizoonyesha kuwa akaunti za benki zilikuwa karibu tupu. Wapo waliosema aliuawa na wenye visima vya mafuta au kwa sababu za siri za kijeshi. Hakuna aliyethibitisha. Waliochunguza maisha yake kwa makini, akiwemo Eugen aliyeandika kitabu juu ya baba yake, waliona mzigo wa madeni na uchovu kuwa maelezo ya kutosha.

Injini haikufa naye. Mwaka 1923 na 1924 viwanda vya Ujerumani vilianza kutengeneza malori ya dizeli yasiyohitaji kompresa. Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ilianza kutoa pampu ndogo ya kusukuma mafuta moja kwa moja hadi kwenye nozeli. Hiyo ndiyo pampu ambayo Diesel aliikosa maisha yake yote. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ilionyesha gari la abiria la 260 D, likapendwa mara moja na madereva wa teksi, watu ambao hupima kila lita.

Gari dogo la mtu wa kawaida lilichelewa zaidi. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, Volkswagen ilichukua Golf yake, gari fupi ambalo kioo cha nyuma huinuka pamoja na mlango wa buti, na mwaka 1976 ikaitia injini ya dizeli ya lita moja na nusu. Ilitoa nguvu za farasi 50, karibu mara tatu ya ile ya tani nne na nusu ya Augsburg, na ilikaa chini ya boneti ndogo. Peugeot ilifuata na 205 ya dizeli mwaka 1983. Miaka 80 na zaidi baada ya hataza, karani, mwalimu na fundi wa mabomba wa Ulaya walikuwa na dizeli yao.

Kwa miaka mingi Ulaya Magharibi ilipenda magari hayo kiasi kwamba mwaka 2015 zaidi ya nusu ya magari mapya huko yalikuwa ya dizeli. Septemba mwaka huo ilibainika Marekani kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi, katika magari yapatayo milioni 11 duniani. Mwaka 2018 Hamburg ilizuia dizeli za zamani katika baadhi ya mitaa, na Stuttgart ikafuata mwaka 2019. Wanunuzi wa magari mapya walianza kuikimbia dizeli, na anayeishi mbali na miji hiyo akaanza kuyaona magari madogo mazuri yakiuzwa kwa bei ya kutupa.

Hapo ndipo hesabu ambayo Diesel hakuifanya kwa mali zake inapohitajika. Mfano ni mtu anayesafiri kilomita 50 kwa siku, kwenda na kurudi, siku 24 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,200. Kama gari la petroli linatumia lita 7 kwa kilomita 100 na la dizeli lita 5, ataokoa lita 24 kwa mwezi, au lita 288 kwa mwaka. Fundi akimwambia kwamba kutengeneza pampu na nozeli kutagharimu sawa na bei ya lita 600, basi akiba ya miaka miwili imekwenda kwa siku moja. Anayesafiri kilomita 10 tu kwa siku hana akiba ya kuzungumzia.

Kuna jambo jingine kwa mwenye safari fupi. Injini ya dizeli huchelewa kupata joto. Magari ya Ulaya ya miaka ya 2000 na kuendelea mengi yana kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, ambacho hujisafisha kwa kuchoma masizi gari linapokwenda mwendo mrefu barabara kuu. Gari la kwenda sokoni na kurudi halipati nafasi hiyo, na kichujio huziba. Kichujio hicho pia hakipatani na dizeli yenye salfa nyingi. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, hivyo mafuta halali yamekuwa bora kuliko zamani. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni habari nyingine. Pampu nyingi hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Pampu hulika kimya kimya.

Kwa sababu hiyo gari la zamani lenye pampu ya kawaida, bila kichujio na bila umeme mwingi, huwa salama zaidi kwa mwenye mtaji mdogo, mradi awe na fundi anayelijua na uhakika wa vipuri. Mwenye mashine ya kusaga tayari anamjua fundi wa namna hiyo.

Moshi husema mengi. Mweusi mzito unapokanyaga mafuta ni dalili ya nozeli mbovu au chujio la hewa lililoziba. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma asubuhi, huku injini ikitetemeka, mara nyingi ni mafuta yasiyowaka, ama kwa plagi za kupashia moto zilizokufa au kwa hewa isiyobanwa ipasavyo. Injini ikiwa inanguruma, mfuniko wa oili ukifunguliwa na pumzi nzito ikatoka kwa nguvu, ringi zimechoka.

Dalili ya kuaminika zaidi huonekana gari likiwa limelala usiku kucha. Mnunuzi aende alfajiri, aguse boneti kabla ya kuzungumzia bei. Akikuta ina moto, na muuzaji akisema alikuwa ameliwasha kidogo tu kulisogeza, aondoke, arudi kesho yake mapema zaidi.